Je, wajua kwa nini mtu wa kilo 60 huweza kuipandisha pikipiki ya kilo 120 kwenye stendi akiwa peke yake?

Ukifika Mwaloni, pale Kirumba, kabla jua halijapanda juu ya vilima vya Mwanza, utawakuta waendesha bodaboda wakipanga pikipiki zao kusubiri magunia ya dagaa na wateja wanaotoka sokoni. Mmoja wao, kijana mwembamba ambaye huenda hafikishi kilo 60, anashuka, anashika usukani kwa mkono wa kushoto na keria kwa mkono wa kulia, anakanyaga chuma fulani chini ya pikipiki, na pikipiki inapanda juu ya stendi kubwa kana kwamba imejiinua yenyewe. Hatua chache kutoka hapo, mwanamume mwenye mabega mapana, ambaye bado ni mgeni wa chombo hicho, anavuta, anaguna, anapumzika, anaanza tena, na mwishowe anakata tamaa na kuiegemeza kwenye stendi ndogo ya ubavuni. Pikipiki zao ni za aina moja. Imekuwaje basi mwepesi akafaulu na mwenye nguvu akashindwa?

Kabla ya kujibu, inafaa kujua ni kitu gani kinachoinuliwa, na kinainuliwa kwa kimo gani. Pikipiki nyingi za bodaboda, kama vile Boxer na TVS, zina uzito wa kati ya kilo 110 na 130, kwa hiyo tuchukue kilo 120 kuwa mfano wetu. Mtu akisikia kilo 120 hufikiria gunia la mahindi la kilo 100 na nyongeza yake, na moyo humlegea kabla hajaanza. Lakini gunia hilo hulazimika kutoka chini hadi begani, ilhali kitovu cha uzito cha pikipiki, yaani pale ambapo uzito wake wote ni kama umekusanyika, huinuka inapopanda kwenye stendi kubwa kwa takriban sentimita 2 na nusu tu. Katika fizikia kazi hupimwa kwa kuzidisha nguvu na umbali, na kilo 120 zikiinuliwa sentimita 2 na nusu, kazi inayofanyika ni sawa na kuinua kilo 3 za sukari kwa kimo cha mita moja. Hakuna mtu mzima mwenye afya anayeshindwa na kilo 3 za sukari. Kinachomshinda ni kuilipa kazi hiyo yote kwa mara moja, ndani ya umbali mfupi, kwa kutumia misuli isiyofaa.

Stendi kubwa imebuniwa kuondoa tatizo hilo. Ni chuma chenye miguu miwili, kilichofungwa chini ya fremu kwa pini ili kiweze kuzunguka, na upande wa kushoto kina chuma kifupi cha kukanyagia kinachochomoza kuelekea nyuma. Stendi ikiwa imekunjwa, miguu yake hulala ikielekea nyuma. Unapoisukuma chini kwa mguu, miguu hiyo hugusa ardhi nyuma kidogo ya pini, na kuanzia hapo stendi hugeuka kuwa wenzo wa daraja la kwanza, ule tuliofundishwa shuleni kwa mfano wa watoto wawili waliokaa kwenye ncha mbili za ubao wa kubembea. Egemeo ni miguu ya stendi iliyo ardhini. Mbele ya egemeo kuna mzigo, yaani pikipiki inayoning'inia kwenye pini, na nyuma ya egemeo ni wewe, uliyesimama juu ya chuma cha kukanyagia.

Tuweke tarakimu za mfano, tukizidisha kila uzito na umbali wake kutoka kwenye egemeo, ili jambo hili lionekane wazi. Mguu wa stendi una urefu wa sentimita 25, na unapoanza kugusa ardhi pini iko sentimita 12 mbele ya egemeo. Kwa kuwa gurudumu la mbele hubaki chini na kubeba sehemu yake ya uzito, pini hupokea kama kilo 95 kati ya zile 120. Upande wa mzigo basi una 95 mara 12, yaani 1,140. Upande wako una kilo 60 za mwili wako mara sentimita 15 za chuma cha kukanyagia, yaani 900. Zinapungua 240, na upungufu huo ndio kazi ya mkono wa kulia, ambao kwa kuwa umeshika keria, mbali kabisa na gurudumu la mbele, huweza kuufidia kwa kuvuta kiasi cha kilo 10 au 12 tu. Hapo ndipo ilipo siri ya yule kijana wa Mwaloni: sehemu kubwa ya kazi hufanywa na uzito wa mwili wake unaoshuka, na mikono yake huongezea kidogo na kuelekeza.

Kuna zawadi nyingine iliyofichwa ndani ya umbo hilo. Kadiri pikipiki inavyorudi nyuma na kupanda, pini husogea kuelekea juu ya egemeo, na zile sentimita 12 hupungua. Zikifika 6, upande wa mzigo umebaki na 570 tu dhidi ya 900 zako, na kuanzia hapo hakuna tena mapambano. Pini ikifika wima na kupita kidogo, stendi hugonga kizuizi chake na kujifunga, na pikipiki haiwezi kurudi chini mpaka mtu aisukume mbele kwa makusudi. Ndiyo maana wenye uzoefu husema ugumu wote uko kwenye sentimita ya kwanza, na ndiyo maana anayekanyaga nusunusu, akiwa bado ameuacha uzito wake kwenye mguu uliobaki ardhini, hushindwa kila mara. Mguu wa kulia ukishakanyaga chuma, simama juu yake kwelikweli, kama mtu anayepanda ngazi.

Yule mwenye mabega mapana alitenda kinyume. Aliinama, akaishika keria kwa mikono miwili, akavuta kwenda juu na nyuma kwa mgongo. Mwili wetu nao umejengwa kwa nyenzo, lakini katika mkao huo wenzo hufanya kazi dhidi yetu. Misuli inayosimamisha kiuno iko nyuma ya uti wa mgongo kwa kiasi cha sentimita 5 hivi, ilhali mzigo ulioshikwa na mikono iliyonyooshwa unaweza kuwa sentimita 40 mbele yake. Kuvuta kilo 30 katika mkao huo huilazimisha misuli kujikaza kwa nguvu ya kilo 240, na pingili za chini za mgongo hubanwa kwa nguvu hiyo na zaidi. Jambo hili linanigusa sana, kwa sababu vijana wengi hupandisha na kushusha pikipiki mara kumi au ishirini kwa siku wakiamini kwamba maumivu ya kiuno ni sehemu ya kazi. Linanigusa pia ninapomsikia mwanamke akiambiwa kwamba hawezi kuendesha bodaboda kwa kuwa hataweza kuipandisha kwenye stendi. Mwenye kilo 55 anaweza, mradi aonyeshwe mahali pa kukanyaga.

Mimi nilionyeshwa na fundi mmoja mzee wa Igoma, ambaye baada ya kuniamkua na kuniita mwanangu alinikataza kabisa kuvuta mpaka nihisi miguu yote miwili ya stendi imegusa ardhi. Hilo ndilo jambo ambalo wanaojifunza huliruka. Simama upande wa kushoto wa pikipiki, gia ikiwa nyutro na usukani umenyooka, ukiwa hujaishika breki, kwa sababu pikipiki lazima irudi nyuma sentimita kadhaa ndipo ipande. Shusha stendi kwa mguu wa kulia, kisha itikise pikipiki taratibu kulia na kushoto. Mguu mmoja wa stendi ukigusa peke yake, utahisi pikipiki ikiyumba kama meza iliyowekwa mahali pasipo sawa. Miguu yote miwili ikigusa, mtikisiko hukoma na mlio mdogo wa chuma husikika pande zote. Wakati huo pikipiki iko wima na haina tena haja ya kuanguka ubavuni, hivyo mkono wa kushoto unakuwa na kazi nyepesi ya kuushika usukani usigeuke. Ndipo unapokanyaga kwa uzito wote, mgongo ukiwa umenyooka, ukiielekeza pikipiki juu na nyuma kwa mkono wa kulia. Ikigoma, iache ishuke, vuta pumzi, na utazame ni nini hakiko sawa, kwa maana nguvu zaidi si dawa.

Mara nyingi kisichokuwa sawa ni ardhi. Mwanza ni Jiji la Miamba, na mitaa yake ya Mabatini, Igogo na Bugando imepanda juu ya mawe ya matale kiasi kwamba kuipata sehemu tambarare ni bahati. Kwenye mteremko mdogo, igeuze pikipiki uso wake uelekee juu ya mlima. Kurudi nyuma kunakuwa kushuka, mvutano wa dunia unakusaidia, na ikishakaa kwenye stendi haiwezi kujisogeza mbele na kujishusha yenyewe. Uso ukielekea bondeni, unashindana na mlima wakati wa kupandisha, na baadaye mguso mdogo wa mpita njia unaweza kuiangusha. Kwenye mteremko mkali usiitumie stendi kubwa hata kidogo.

Ufukweni hali ni nyingine. Kila mguu wa stendi hugusa ardhi kwa eneo dogo kuliko kiberiti, na uzito wote ukipita hapo, mchanga hufunguka na egemeo huzama. Egemeo linalozama halifai kuitwa egemeo, kwa sababu kila unachokisukuma chini huishia mchangani badala ya kuipandisha pikipiki. Udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika una tabia hiyo hiyo, na ubaya wake ni kwamba unaweza kuipokea pikipiki jioni ikasimama vizuri, kisha mvua ya usiku ikaulainisha na asubuhi ukaikuta imelala. Jiwe bapa au kipande cha ubao chini ya kila mguu hutosha, mradi viwe na unene sawa.

Ukitazama Mwamba wa Bismarck ukiwa karibu na kivuko cha Kamanga, utaona jabali lililosimama majini kwa karne nyingi juu ya mawe mengine, kwa sababu uzito wake unaangukia ndani ya msingi unaoubeba. Pikipiki iliyo kwenye stendi kubwa inafuata kanuni hiyo. Msingi wake ni pembetatu inayoundwa na miguu miwili ya stendi pamoja na gurudumu moja. Kwa kawaida gurudumu hilo ni la mbele, na la nyuma huning'inia likazunguka kwa uhuru, jambo linalomwezesha mtu kukaza cheni au kuziba pancha. Lakini ukifunga gunia zito kwenye keria, kitovu cha uzito huhamia nyuma ya stendi, gurudumu la nyuma linashuka, na la mbele ndilo linaloinuka. Pikipiki bado imesimama, ila usukani hauna tena kinachoushika chini, na pembetatu imekuwa nyingine.

Mzigo huo una ubaya mwingine ambao wengi hawauhesabu. Hubonyeza shokapu, fremu ikashuka, na pini ikashuka nayo, hivyo miguu ya stendi hugusa ardhi ikiwa imelala zaidi. Tairi la nyuma lililopata pancha hufanya hivyo hivyo. Turudi kwenye tarakimu zetu: pini ikishuka sentimita 2 tu, umbali wake kutoka kwenye egemeo hutoka 12 na kufika 15, na upande wa mzigo unakuwa na 1,425. Upungufu unaopaswa kufidiwa na mkono hutoka 240 na kuwa 525, zaidi ya mara mbili, ingawa pikipiki haijaongezeka uzito hata gramu moja. Ndiyo maana mtu aliyeipandisha pikipiki asubuhi bila shida hushangaa jioni, akiwa peke yake barabarani kuelekea Kisesa na tairi limekwisha pumzi, kuona haipandi. Dawa yake ni ubao wenye unene wa sentimita 3 hivi. Ulaze nyuma ya tairi la nyuma, irudishe pikipiki mpaka tairi hilo lipande juu ya ubao, na pini itarudi karibu na kimo chake cha kawaida. Kisha kanyaga kama siku zote. Kuhusu mzigo, pandisha kwanza ndipo ufunge gunia, na ukifika uendako, fungua gunia kabla ya kupandisha.

Pikipiki kubwa za michezo, ambazo hapa kwetu huonekana kwa nadra, mara nyingi hazina stendi kubwa. Wenye nazo hutumia stendi ya nyuma, fremu yenye magurudumu mawili madogo na mkono mrefu, inayokamata mkono wa chuma unaoshika tairi la nyuma. Kanuni haibadiliki. Gurudumu la nyuma likibeba kilo 100, na mkono wa stendi ukiwa mrefu mara tano kuliko umbali wa kulabu zake kutoka kwenye egemeo, kilo 20 za kusukuma chini zinatosha. Ugumu wa kufanya hivyo peke yako uko katika kuisimamisha wima pikipiki iliyolalia stendi ndogo huku ukiweka kulabu mbili kwa pamoja. Kwa hiyo funga breki ya mbele kwa ukanda wa mpira wa tyubu ili isitembee, gusisha kulabu ya kushoto kwanza, isimamishe pikipiki taratibu kwa mkono wa kushoto mpaka kulabu ya kulia nayo iguse, na hapo tu ndipo mkono wa kulia uukandamize mkono wa stendi hadi chini. Kwenye stendi kubwa breki huachiwa kwa sababu pikipiki yenyewe husafiri nyuma. Huku hufungwa kwa sababu kinachosafiri ni stendi.

Wakati wa kuishusha kutoka kwenye stendi kubwa, hatari ni moja: pikipiki huruka mbele na kumponyoka mtu. Shusha kwanza stendi ndogo ya ubavuni ili iwe tayari, simama kushoto, shika mishikio yote miwili ya usukani, isukume mbele kwa nyonga badala ya mikono, na vidole vya mkono wa kulia viwe tayari juu ya breki ya mbele, ili vibane mara tu tairi la nyuma linapogusa ardhi.