Hatari ya saratani ya titi: watafiti huhesabu nini?

Kwenye transfoma za stima mitaani kwetu Mombasa pana kibao chenye fuvu na neno moja: HATARI. Hakuna anayeuliza maana yake. Ukigusa, umekwisha. Kwa hiyo redio inaposema kwamba dawa fulani "huongeza hatari ya saratani ya titi kwa asilimia 26", wengi wetu husikia kile kibao. Khalati yangu wa Majengo alisikia hivyo. Aliniuliza, "Mwanangu, ndiyo kusema tukiwa wanawake mia, 26 tumekwisha?"

Sivyo, na kosa si lake. Ni neno moja linalobeba maana mbili. Kwa mtafiti, hatari ni hesabu: katika kundi la watu kadhaa, kwa muda fulani, wangapi wataugua? Ukiondoa kundi au muda, hesabu yenyewe haipo.

Hiyo 26 ina chimbuko lake. Mnamo Julai 2002, watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio la wanawake zaidi ya 16,000, wenye umri wa miaka 50 hadi 79, ambao hedhi ilikuwa imeshakoma. Baadhi walipewa vidonge vya homoni za kike, estrojeni na projestini, wengine vidonge vinavyofanana navyo lakini visivyo na dawa. Katika kila wanawake 10,000 waliokuwa na vidonge vitupu, 30 waliugua saratani ya titi kwa mwaka. Kwa waliomeza homoni, waliugua 38.

Wafikirie hao 10,000 wamepanga foleni kusubiri feri Likoni, foleni inayopanda mpaka juu barabarani. Waliozidi ni 8. Ukizilinganisha 30 na 38, ongezeko ni asilimia 26 na ushei, na redio haikusema uongo. Ila ni asilimia ya wale 30, si ya foleni nzima. Ulinganishi huo wa makundi mawili tuuite hatari linganishi. Idadi ya wanaougua katika foleni nzima ndiyo hatari halisi. Ya kwanza hufaa kutambua kama jambo fulani lina mkono katika ugonjwa. Ya pili ndiyo inayomfaa mwanamke anayetaka kuamua ameze au asimeze.

Wala 8 si wa kupuuzwa. Dawa ikimezwa na mamilioni ya wanawake, hao 8 huwa maelfu ya nyumba zenye mgonjwa. Watafiti wale walisimamisha jaribio kabla ya wakati, kwa kuwa madhara yalizidi manufaa.

Njia ya kulinganisha makundi ni ya zamani. Mwaka 1926, daktari Mwingereza Janet Lane-Claypon aliwachukua wanawake 500 wenye saratani ya titi na 500 wasio nayo, akawauliza maisha yao. Wagonjwa wengi zaidi walikuwa hawajazaa, au wamechelewa kuolewa, au wamenyonyesha kwa muda mfupi. Mwaka 2002 tafiti 47 kutoka nchi 30 zilijumlishwa pamoja, ikaonekana kwamba kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari linganishi kwa asilimia 4.3.

Hapa ndipo moyo wangu unaposhikwa zaidi, kwa sababu nimeyasikia matangani: "Mbona alinyonyesha wote miaka miwili miwili, kamili kama ilivyoamrishwa, na bado ikampata?" Kama kwamba marehemu ana hesabu ya kutoa. Kupunguza si kufuta. Aliyenyonyesha watoto wanne amepunguziwa, hakukingwa, na asiyezaa hakujiletea. Mambo haya huitwa vihatarishi, na kihatarishi husema juu ya foleni. Hakimtaji mtu kwa jina.

Ni hivyo hivyo kwa ukoo. Mwenye mama au dada aliyeugua ana hatari kubwa zaidi, ni kweli. Lakini katika kila wanawake tisa wanaopata saratani ya titi, wanane hawana mama, dada wala binti aliyewahi kuugua. Anayesema "kwetu haipo" na kulala usingizi amelielewa neno kinyume.

Khalati alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Basi mimi niko wapi katika hao?" Namba zile haziwezi kumjibu. Hajawahi kumeza homoni. Ila ana miaka 61, na ukiacha kuwa mwanamke, hakuna kihatarishi kikubwa kuliko umri. Nilimuuliza kama amehisi uvimbe, ngozi kubonyea au chuchu kutoa majimaji, kwa sababu dalili haihesabiwi kwa foleni. Huonwa na daktari wiki hiyo hiyo. Alisema hapana. Jumatatu tunakwenda hospitali ya Coast General kuulizia eksirei ya matiti.