Je, wajua kwa nini programu moja ndani ya simu yako huitikia majina zaidi ya mia mbili?

Siku moja nilikuwa kwenye benchi la fundi simu, mtaa wa Aggrey, Kariakoo, nikisubiri simu yangu iliyokuwa ikijizima ovyo. Fundi aliichomeka kwenye kompyuta, akafungua lile dirisha jeusi la amri, kisha akataka kuona amri zenyewe zimehifadhiwa wapi. Ikatokea ls, ambayo huorodhesha mafaili, na mbele yake mshale na neno toybox. Chini yake cp, ya kunakili: mshale, toybox. Na rm, ya kufuta: mshale, toybox. Ukurasa mzima ulikuwa hivyo.

"Kaka, hawa wote ni mtu mmoja," akaniambia.

Alisema kweli. Toybox ni mkusanyiko wa zana ndogondogo za mfumo, zaidi ya 200, zilizofungwa ndani ya faili moja. Ni programu huria: msimbo wake uko wazi, yeyote anaweza kuusoma na kuurekebisha. Umo kwenye simu za Android tangu toleo la 6.0 la mwaka 2015. Mkubwa wake anaitwa BusyBox, na huyo utamkuta zaidi kwenye ruta za intaneti.

Sasa faili moja linajuaje kwamba safari hii linatakiwa kunakili na si kufuta? Mfikirie baba mmoja wa Manzese. Nyumbani ni Baba Zawadi, gereji ni Fundi, msikitini ni Ustaadhi. Ukimwita Fundi anashika spana. Ukimwita Ustaadhi anafungua kitabu. Hakuna haja ya kumweleza zaidi, jina ulilomwitia limeshamwambia unachotaka. Kwenye mifumo endeshi ya ukoo wa Unix, Android ikiwemo, ndivyo ilivyo: programu inapoamshwa, neno la kwanza kabisa inalokabidhiwa ni jina lililotumika kuiita. Toybox hulisoma jina hilo, hulitafuta kwenye orodha yake ya ndani, kisha huruka moja kwa moja hadi kwenye kipande cha msimbo kinachohusika. Yale majina mengine yote kwenye simu si nakala za programu, ni viungo vinavyoelekeza kwenye faili lilelile.

Chanzo cha ujanja huu ni ufinyu wa nafasi. Mwaka 1995 Bruce Perens, wa mradi wa Debian, mfumo endeshi huria wa kompyuta, alitaka diski ya kusimika mfumo ambayo ingeweza pia kufufua kompyuta iliyoharibika. Diski laini za wakati ule zilibeba MB 1.44, nafasi ambayo picha moja ya simu ya leo mara nyingi haitoshi. Kila zana ikijitegemea hubeba mzigo wake: kipande cha kujianzisha, cha kusoma vichaguo (maelekezo mafupi yanayoongezwa mbele ya amri), cha kutoa ujumbe wa kosa. Perens akafanya kama nyumba zetu za kupanga za Uswahilini. Vyumba vingi, kila kimoja na mwenyewe, lakini ua ni mmoja, bomba ni moja na choo ni kimoja. Hiyo ndiyo BusyBox. Rob Landley, aliyewahi kuitunza, ndiye aliyekuja kuanzisha Toybox mwaka 2006.

Kuandika zana hizi ni kazi, lakini nadhani kazi kubwa zaidi ni kuzitunza, nayo haionekani. Mtu huuliza: amri ya kunakili faili imeshaandikwa, kuna nini tena? Kuna watu wanaoitegemea. Maelfu ya skripti, yaani mafaili ya amri zinazojiendesha zenyewe, duniani zinatarajia kila herufi ya jibu ikae pale ilipokaa jana. Mfumo endeshi wa Ubuntu, toleo la 25.10 lililotoka Oktoba 2025, ulibadili zana zake za msingi na kuweka zilizoandikwa upya kwa Rust, lugha ya kuandikia programu. Amri ya date ina kichaguo -r, kinachotakiwa kutaja faili lilibadilishwa lini mara ya mwisho. Zana mpya ilikipokea kichaguo hicho bila kulalamika, kisha ikajibu kwa saa ya wakati uleule. Kwa sababu hiyo baadhi ya kompyuta ziliacha kujikagulia masasisho zenyewe. Kiraka, yaani marekebisho ya kosa, kilitolewa haraka, lakini tazama ukubwa wa kosa: herufi moja.

Kisha kuna uchovu wa watunzaji, jambo linaloniuma kila nikilikumbuka. XZ Utils ni zana za kubana mafaili, na kwa miaka mingi zilitunzwa na karibu mtu mmoja tu, Lasse Collin wa Finland. Mwaka 2022 watu wasiojulikana walianza kumsukuma: mbona viraka vinachelewa? Alijibu kwamba hii ni kazi ya kujitolea isiyo na malipo. Mtu aliyejiita Jia Tan, aliyekuwa akileta msaada tangu 2021, akapewa mamlaka ya kutoa matoleo mapya. Mwanzoni mwa 2024, ndani ya matoleo 5.6.0 na 5.6.1, akaficha mlango wa siri wa kuingilia kompyuta za watu kwa mbali. Uligunduliwa na Andres Freund, mhandisi aliyeshangaa kuona kuingia kwenye mashine kwa SSH, njia ya kuingia kompyuta kutoka mbali, kumechelewa kama nusu sekunde. Hakupuuza. Alifukua mpaka akaukuta, na tarehe 29 Machi 2024 akautangaza, kabla matoleo hayo hayajaenea kwenye kompyuta nyingi.

Simu yangu ilipowaka, fundi aliandika date kuhakikisha saa iko sawa. Ikajibu 14:20. "Saa nane na dakika ishirini," akasoma kwa sauti, kisha akachomoa waya. Ndani, saa hiyo ni hesabu ya sekunde zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1970. Vifaa vya zamani vinavyoihifadhi kwa biti 32 haviwezi kuvuka 2,147,483,647. Kwa saa za Dar es Salaam, hesabu hiyo itajaa tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi, wakati daladala za Gongo la Mboto zimeshafurika, na kifaa ambacho hakijarekebishwa kitaruka nyuma hadi Desemba 1901. Watunzaji wa zana hizi wamekuwa wakitoa viraka kwa ajili ya asubuhi hiyo kwa miaka sasa.