Kupanda kilima hakukusogezi kwenye setilaiti

Pale Kibirizi, mjini Kigoma, muuza dagaa akikosa mtandao hupandisha kilimani, simu kaiinua juu ya kichwa. Ukimuuliza, atakwambia anaisogelea setilaiti. Imani hii ni ya miaka mingi, na chanzo chake nakielewa: madishi ya televisheni yametuzoesha kutazama angani.

Lakini simu zetu za kawaida haziongei na setilaiti. Zinaongea na mnara, mara nyingi ulio kilomita chache tu kutoka uliposimama. Mawimbi yake huzuiwa na vilima, navyo Kigoma vimejaa. Ukipanda juu, kinachoondoka ni kizuizi kati yako na mnara. Setilaiti za televisheni ziko karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Mita mia mbili za kilima zitapunguza nini hapo? Na ndugu zetu wa vijiji vya mpakani wanajua simu inavyoweza kuwakaribisha Burundi ghafla: imenasa mnara wa jirani.

Kutoka mnarani, sauti husafiri kwa mawimbi hadi mnara mwingine, au kwa nyaya za nuru (faiba) kama zile za Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano. Setilaiti ilikuwa na zamu yake: kabla kebo ya baharini ya SEACOM haijafika Dar es Salaam mwaka 2009, intaneti ya nchi iliitegemea sana, ghali na ya kusuasua. Hata leo baadhi ya minara ya mbali huunganishwa kwa setilaiti. Simu yako, hata hivyo, inaishia mnarani.

Mtandao ukikata, muulize mwenyeji mnara uko upande gani.