Je, wajua zege likivutwa hulegea kabla ya kukatika?

Zege linalohimili mgandamizo wa megapaskali 30 (kipimo cha nguvu juu ya kila kipande cha eneo) hushindwa likivutwa kwa megapaskali 3 hivi, pengine hata pungufu. Ndiyo maana huwekwa nondo. Lakini kati ya kuanza kupasuka na kuachana vipande viwili hutokea nini? Kwa macho, hakuna kitu: pa! limekatika. Kumbe kuna mengi.

Ndani ya zege, mahali dhaifu ni pale saruji iliyoganda inapogusana na kokoto, kwa kuwa hapo vitundu ni vingi zaidi. Likivutwa, vijiufa visivyoonekana huanzia hapo, kimoja huku, kingine kule. Mvuto unapokaribia kilele, vijiufa hivyo hujikusanya kwenye ukanda mmoja mwembamba, na kuanzia hapo zege hulegea: kadiri ukanda unavyofunguka, ndivyo nguvu ya kuupinga mvuto inavyopungua. Haliachii mara moja, maana kokoto zilizozama upande mmoja bado zimeng'ang'ania upande wa pili na huchomoka kwa kusuguana. Nguvu hushuka upesi mwanzoni, kisha hujikokota hadi ufa ufikie upana wa milimita 0.1 au 0.2 hivi, ndipo inapokwisha.

Kinachoshangaza ni kwamba wakati ufa unapanuka, zege lililo mbali nao hunywea na kurudia karibu urefu wake wa awali, kwa kuwa mvuto juu yake umepungua. Kwa hiyo ukisema "zege limerefuka kwa asilimia fulani" hujasema kitu. Jibu litabadilika kwa kutegemea urefu wa kipande ulichopima. Mwaka 1976, mhandisi Arne Hillerborg na wenzake wawili wa Lund, Uswidi, walikwepa mtego huo kwa kuihusisha nguvu na upana wa ufa wenyewe.

Kupima hali hii ni kazi ya ukaidi. Ukining'iniza mzigo na kuuongeza kidogo kidogo, kilele kikishapita kipande hukatika papo hapo, nawe hubaki na namba moja tu. Kuvuta moja kwa moja nako kuna balaa lake: ufa huanzia upande mmoja na kipande hupinda. Kwa hiyo maabara nyingi hutumia boriti ndogo iliyochanjwa mkato chini, hulazwa juu ya egemeo mbili na kukandamizwa katikati. Siri iko kwenye mashine: haiamriwi iongeze nguvu, inaamriwa iupanue mdomo wa mkato taratibu, kwa mwendo usiobadilika. Nguvu ikishuka, mashine hushuka nayo.

Eneo lililo chini ya mchoro wa nguvu na mnepo (kupinda) wa boriti ndiyo kazi iliyotumika. Huongezwa mchango wa uzito wa boriti yenyewe, ambao ukisahaulika jibu hutoka dogo, kisha hugawanywa kwa eneo lililopasuka. Kwa zege la kawaida hupatikana kama jouli 100 kwa mita ya mraba, yaani kwa kila mita ya mraba ya ufa, kazi ya kuinua kilo 10 kwa mita moja. Kidogo mno!

Kuhamisha matokeo ya maabara hadi kwenye ukuta wa bwawa kunahitaji tahadhari. Mhandisi Zdeněk Bažant alionyesha mwaka 1984 kwamba ukanda wa vijiufa haukui sawia na ukubwa wa jengo, hivyo boriti kubwa hukatika kwa mkazo (nguvu kwa eneo) mdogo kuliko ndogo iliyotengenezwa kwa zege lilelile, tena kwa ghafla zaidi.