Nguruwe wa dhahabu hakuwa wa 2007

Korea Kusini, wengi waliojifungua mwaka 2007 waliamini mtoto amepata nyota ya nguruwe wa dhahabu, yaani tajiri tangu tumboni. Watoto zaidi ya 490,000 walizaliwa, wengi kuliko 2006. Hesabu ya jadi ya kalenda, ambayo humpa kila mwaka mnyama na rangi yake, inakataa. Wanyama 12 huzunguka na rangi tano, na duru nzima ni miaka 60. Nguruwe wa 2007 alikuwa mwekundu, rangi ya moto. Wa njano, ndiye huyo wa dhahabu, alikuja 2019. Wauza dhahabu, nadhani, hawakulalamika.

Bahati ya nguruwe yenyewe haingoji rangi. Ukimwota, kanunue tiketi ya bahati nasibu. Kwenye tambiko la kufungua duka, kichwa chake kilichochemshwa huwekwa mezani, noti zimechomekwa mdomoni.