Dawa teule ya magugu haiogopi zao lako

“Si dawa ya magugu ya mahindi hii? Itayadhuruje mahindi?” Anayeuliza hivi mara nyingi ana mche mkononi: majani ya juu yamejiviringa na kugoma kufunguka, mizizi ya juu ya ardhi imeshikana, na bua linavunjika ukilipinda kidogo tu. Hizo ni dalili za 2,4-D, dawa teule ya magugu ya majani mapana, iliyopigwa kwa kuchelewa au kwa dozi ya kukisia. Dawa si feki, na muuzaji hana kosa.

Kuwa teule ni kuua magugu na kuliacha zao, si kwamba dawa inalikwepa. Inaingia kwenye mahindi na kwenye magugu kwa pamoja. Tofauti iko katika kasi ya kuivunja ikishaingia. Atrazini, dawa nyingine ya magugu ya mahindi, ikifika kwenye jani la hindi, vimeng’enya huiunganisha na glutathioni, kemikali ya mmea wenyewe, ikapoteza makali. Gugu la majani mapana halina kasi hiyo, usanisinuru wake unasimama, linakufa. Nikosulfuroni, dawa nyingine ya magugu, huvunjwa ndani ya mahindi na vimeng’enya vya kundi la P450. Lakini kazi hiyo ina kikomo. Ongeza dozi, au piga mahindi yaliyochoshwa na baridi, ukame au maji yaliyotuama, na zao litaanza kuugua pamoja na magugu.

Chanzo kikubwa cha madhara haya ni kupimia kwa kifuniko cha chupa. “Viwili kwa pampu, vitatu magugu yakiwa sugu.” Hicho si kipimo! Lebo inatoa dozi kwa hekta, na hakuna anayejua pampu yake inafunika eneo gani mpaka apime. Pima mita 10 kwa 10, weka maji matupu yaliyopimwa, nyunyizia kwa mwendo wako wa kawaida, kisha angalia umetumia lita ngapi. Zidisha kwa 100. Ukitumia lita 2, hekta inataka lita 200, yaani pampu 10 za lita 20. Kama lebo inasema lita 1.5 kwa hekta, kila pampu inapata mililita 150. Mwingine anayetembea polepole akatumia lita 4 kwenye eneo lilelile atahitaji mililita 75 tu. Akiiga 150 za jirani, ameshapiga dozi mara mbili. Juu ya hapo kuna anayegeuka mwisho wa mstari bila kufunga koki, ndiyo maana kingo za shamba huungua kwanza.

Na dozi kubwa haiui magugu ya kudumu vizuri zaidi. Inaunguza majani haraka kabla dawa haijashuka mizizini, unafurahi wiki moja, kisha gugu linachipua upya kutoka chini.

Umri wa zao nao una sheria. Kwa 2,4-D, mahindi yakipita sentimita 20 hivi usipige tena juu ya majani. Elekeza nozeli chini, kati ya mistari, kama lebo inaruhusu. Kwa nikosulfuroni hesabu majani, usitazame kalenda.

Kosa linaloniudhi kuliko yote ni kuchanganya dawa ya viwavi na ya magugu kwenye pampu moja “ili kuokoa nguvu”. Viuadudu vya organofosfati, klopirifosi kwa mfano, hubana vimeng’enya vilevile vya P450 vinavyoyalinda mahindi dhidi ya nikosulfuroni. Dozi sahihi ya magugu inageuka sumu kwa zao. Tenganisha kwa siku 7 angalau, au zaidi lebo ikitaka. Kama uliweka tebufosi, kiuadudu cha kundi hilohilo, ardhini wakati wa kupanda, sahau nikosulfuroni msimu huo.

Na mahindi yaliyochanganywa na maharage? Dawa teule kwa moja mara nyingi ni kifo kwa lingine. 2,4-D itaondoka na maharage, fluazifopu, dawa ya nyasi, itaondoka na mahindi. Palilia kwa jembe, au panda kila zao peke yake.

“Siku ya tatu magugu bado ya kijani, dawa imechakachuliwa.” Dawa kama nikosulfuroni na fluazifopu haziunguzi mara moja, zinasimamisha ukuaji kwanza. Kwa fluazifopu, ngoja siku 5 hadi 7, shika jani changa la katikati ya nyasi na ulivute taratibu. Likichomoka bila ubishi, kitako chake kikiwa cha kahawia na kimeoza, kazi imeisha hata kama majani ya nje yanang’aa. Usirudie kupiga.

“Dawa ya nyasi itamaliza na ndago.” Haitamaliza. Ndago si nyasi. Vingirisha bua lake kwenye vidole utaona lina pembe tatu.

“Inaua udongo milele.” Inategemea dawa gani. Katika udongo wenye joto na unyevu, vijidudu humaliza nusu ya 2,4-D kwa takriban siku 10. Atrazini ni habari nyingine: nusu yake huweza kukaa miezi miwili, na zaidi pakiwa pakavu au udongo ukiwa wa alkali (pH zaidi ya 7). Ukifuatisha maharage au mboga, unaweza kuona yanaota vizuri, kisha majani ya chini yanageuka njano kuanzia kingo. Kabla ya kupanda, chota udongo wa sentimita 10 za juu sehemu kadhaa, jaza makopo, panda maharage, na weka pembeni makopo ya udongo usiopigwa dawa. Wiki tatu zinatosha kukujibu.

“Pampu nimeisuuza.” Kwa maji mara moja? Mabaki ya 2,4-D kwenye mpira na chujio yanatosha kusokota majani ya nyanya. Suuza mara tatu, ukipitisha maji mpaka kwenye nozeli. Jaza maji yenye amonia ya nyumbani kiasi cha asilimia 1, acha usiku kucha, kisha suuza tena. Usiichanganye amonia na dawa ya kung’arisha nguo yenye klorini, hewa yake ni ya sumu. Mimi ningesema nunua pampu ya pili, uipake rangi, iwe ya magugu tu.