Kozi za Elimu ya Jumla Si Ngazi ya Kwanza ya Shahada

Wiki iliyopita nimeisikia tena kauli ile ile, safari hii kutoka kwa mzazi aliyekuja ofisini pamoja na binti yake: “Kwanza amalizane na kozi za jumla, masomo ya fani yatafuata.” Naisikia kila mhula kutoka kwa wanafunzi, wazazi na ndugu waliotangulia chuoni na, jambo linaloniudhi zaidi, hata kutoka kwa baadhi ya washauri wenzangu. Kazi yangu ni kuwashauri wanafunzi wa shahada ya kwanza katika chuo kikuu nchini Marekani, na nimeona ni heri niandike hoja yangu yote mahali pamoja. Elimu ya jumla ni sharti linaloenea katika shahada nzima. Anayeigeuza kuwa hatua ya kumaliza kabla ya kuigusa fani yake anajichelewesha mwenyewe, na mara nyingi hugundua hivyo katika mwaka wa tatu, wakati dawa yake imekwisha kuwa ghali.

Mambo ya msingi nitayapitia haraka. Shahada ya kwanza huwa na krediti (vipimo vya uzito wa kozi) zisizopungua 120, na sehemu inayokaribia theluthi moja huwa ya elimu ya jumla: uandishi, hesabu, sayansi asilia, sayansi za jamii, fasihi, sanaa, na kadhalika. Vyuo vya umma vya Texas vinadai krediti 42, vya Florida 36. SACSCOC, shirika la ithibati linalosimamia vyuo vingi vya kusini, linataka zisizopungua 30. Masharti hayo yanahesabu krediti na maeneo ya elimu. Hayasemi kwamba zote zichukuliwe katika miaka miwili ya mwanzo. Katika mfumo wa California State University haiwezekani hata kidogo kuzimaliza zote mwanzoni, kwa sababu krediti 9 za elimu ya jumla lazima ziwe za ngazi ya juu, ambazo mwanafunzi huzichukua akiwa amekwisha kufika nusu ya pili ya masomo yake.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Mchukue mwanafunzi wa uhandisi wa mitambo. Kozi ya kwanza ya kalkulasi, tawi la juu la hesabu, ndiyo inayomfungulia ya pili, na ya pili inamfungulia ya tatu. Fizikia ya mwendo na nguvu inadai kalkulasi. Somo la nguvu katika vitu vilivyotulia linadai fizikia hiyo. Somo la uimara wa vifaa linadai lile la nguvu. Kisha yanafuata masomo ya usanifu, hadi mradi wa mwaka wa mwisho ambao hauruhusiwi mpaka yote hayo yakamilike. Mnyororo huo unaweza kukaribia kuijaza mihula minane, na vyuo vingi hufundisha baadhi ya kozi hizo mara moja tu kwa mwaka. Mwanafunzi akiutumia mwaka wa kwanza kwa historia, saikolojia, muziki na utangulizi wa falsafa, akaianza kalkulasi mwaka wa pili, basi hata akipata alama za juu kila mahali hatamaliza kwa miaka minne, kwa kuwa idadi ya krediti zake haiufupishi mnyororo. Uuguzi una mnyororo wake wa kemia, anatomia, fiziolojia na mikrobiolojia, na katika programu nyingi masomo hayo lazima yakamilike kabla hata ya kuomba nafasi.

Hasara ya pili haitajwi sana, nami naiona mara kwa mara. Kozi za elimu ya jumla ndizo kozi zinazoweza kuhamishwa kwa urahisi zaidi katika ratiba ya mwanafunzi. Mwanafunzi mwenye maabara mbili nzito anahitaji kando yake kozi ya sanaa au ya historia ili apumue na bado awe na krediti 12 zinazomfanya ahesabiwe kuwa mwanafunzi wa muda wote. Aliyezimaliza zote mapema hubaki na mihula ya masomo manne mazito kwa pamoja. Au, mnyororo ukimruhusu kozi mbili tu, hubaki bila chochote cha kujazia. Hapo ndipo msaada wa fedha unapoingia matatani, kwa kuwa msaada wa serikali kuu huhesabu kozi zinazohitajika katika programu ya mwanafunzi peke yake. Kujazia kozi yoyote tu ili zifike 12 hakumsaidii. Na ruzuku ya Pell, msaada wa serikali kuu kwa wanafunzi wenye uhitaji wa fedha, ina kikomo chake, yaani kiasi kinacholingana na mihula 12 ya muda wote katika maisha ya mwanafunzi, kwa hiyo mihula iliyopotea mwanzoni inalipwa mwishoni.

Najua imani hii ilikotoka, na sitaki kuwadhulumu wanaoishika. Vyuo vya jamii vya miaka miwili vinafundisha kozi za ngazi ya chini, na mikataba ya uhamisho imejengwa juu ya elimu ya jumla. Texas ina kanuni nzuri: aliyekamilisha krediti zote 42 za msingi katika chuo kimoja cha umma, chuo kingine cha umma cha jimbo hilo lazima kizikubali mahali pa krediti zake chenyewe. California imeunganisha njia zake katika mpango mmoja wa krediti 34, Cal-GETC, ulioanza mwaka 2025. Ni mambo mema, lakini hata University of California huwashauri wanaoelekea fani zenye masharti mengi, kama uhandisi, watangulize kozi za maandalizi ya fani.

Hapa kuna tofauti ambayo ningependa kila mzazi aielewe. Krediti kupokelewa ni jambo moja, na krediti kutumika ni jambo jingine. Tazama ripoti ya maendeleo ya shahada ya mwanafunzi aliyehamia na krediti 60. Juu imeandikwa kwamba zote 60 zimepokelewa, naye anafurahi kwa haki. Shuka chini, mstari kwa mstari: hesabu aliyosoma ni ya watu wa fasihi, kwa hiyo sharti la elimu ya jumla limetimia lakini la fani yake ya biashara bado liko wazi, kozi ya pili ya sosholojia haina eneo la kuingia, imeangukia kwenye kapu la kozi za hiari, na kapu hilo limekwisha kujaa. Hakudanganywa na mtu yeyote. Jibu alilopewa, kwamba krediti zinapokelewa, ni la swali ambalo si lake. Swali la kuuliza ni hili: “Kozi hii itajaza mstari gani katika shahada yangu?”

Kwa sababu hiyo, hata asiyejua atasoma nini hashauriwi kuchagua kozi za jumla bila mpangilio. Kozi moja inaweza kutimiza sharti la elimu ya jumla na la fani kwa pamoja, chuo kikiruhusu. Anayeegemea sayansi achukue kemia ile inayosomwa na wanakemia, na maabara yake. Anayeegemea biashara au saikolojia achague takwimu. Hata akibadilisha nia, hatapoteza sharti la jumla.

Nakiri kwamba nina shaka kuhusu mfumo wenyewe. Ninaamini kwa dhati kwamba mhandisi anapaswa kujua kuandika na kusoma historia kwa makini. Lakini kozi nyingi za utangulizi zimetungwa kuwa mlango wa fani: zinampa mwanafunzi istilahi, na namna ya kufikiri huja katika kozi zinazofuata, ambazo yeye hatazichukua kamwe. Kozi tatu kutoka idara tatu zisizowasiliana hazimpi mtu upana kwa kujumlishwa tu. Columbia ilianza mwaka 1919 kozi ya pamoja ya ustaarabu, na Brown mwaka 1969 iliamua kuwaachia wanafunzi uchaguzi. Vyote viwili ni vyuo vinavyoheshimika, na vimejibu swali moja kwa majibu yanayopingana. Nikiona orodha ya idara ikipanuliwa ili kila idara ipate wanafunzi wake, nashindwa kumwambia mwanafunzi kwamba kila mstari uliwekwa kwa ajili yake.

Kabla ya kujiandikisha, fungua mpango wa shahada yako, anza na muhula wa mwisho, na urudi nyuma kozi kwa kozi ukitafuta kozi tangulizi ya kila moja. Zile zitakazoangukia mwaka wa kwanza zichukue kwanza, pamoja na uandishi, kisha ziweke kozi za jumla katika nafasi zilizobaki, mbili hapa, moja pale, hadi mwisho. Ukikubaliwa kubadilisha kozi moja kwa nyingine, dai kibali hicho kwa maandishi, na uhakikishe kimeingizwa kwenye ripoti yako kabla mshauri aliyekupa hajahama ofisi.